Mkuki wa Chuma, Mkuki wa Wino: Silaha katika Magazeti ya Zamani ya Meru na Embu

Silaha hukaa katika gazeti la zamani kwa namna mbili. Iko inayotajwa kwa sababu ilikuwapo kweli: mkuki uliochoma, bunduki iliyonaswa msituni, panga lililookotwa kando ya maiti. Na iko ya maneno tu: mbunge humrushia mpinzani wake makombora, serikali hupiga vita ujinga, mshambuliaji hufyatua mzinga langoni. Katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, namna hizi mbili zimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara nyingi zimeshikana mpaka msomaji asijue moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Jambo hili si la wapenzi wa lugha peke yao. Katika nchi hiyo watu wamefungwa, wamenyongwa, na wengine wamesifiwa, kwa kutegemea jina lililopewa chuma kilichokuwa mkononi mwao.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kuzichanganya zamani. Risasi ni madini kabla ya kuwa kitu cha kuua, na penseli ya mtoto wa shule huitwa kalamu ya risasi. Kifaru ni mnyama, tena ni gari la chuma la vitani. Mzinga ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, kama unavyoonekana mpaka leo Mbeere na Tharaka; na mzinga ni bunduki kubwa, ndiyo maana gazeti huandika kwamba rais alipigiwa mizinga 21. Kitenzi kupiga nacho kimebeba mizigo yote: bunduki hupigwa, vita hupigwa, kura hupigwa, picha hupigwa, na gazeti lenyewe halimfikii msomaji mpaka lipigwe chapa.

Kabla gazeti la kwanza halijafika mlimani, silaha zilikuwa na mpangilio wake. Kwa Wameru, vijana waliotahiriwa, nthaka, waliishi katika gaaru, nyumba ya mashujaa, wakilinda ng'ombe na mipaka kwa mkuki, ngao ya ngozi na sime. Waembu nao walikuwa na mikuki na sime zao. Huko chini kwenye joto, Mbeere na Tharaka, na pia msituni Chuka, sifa ilikuwa ya upinde na mshale wa sumu. Sumu hiyo ilitoka kwa msunguti: mti na mizizi yake hukatwakatwa, vikachemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakawa uji mweusi mzito kama lami, kisha uji huo ukapakwa shingoni mwa mshale na kuviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi usikauke wala usimdhuru mwenyewe. Silaha ya namna hiyo haikuwa ya kila mtu kuitengeneza. Ilikuwa na mafundi wake.

Hata wakati huo mkuki wa maneno ulikuwapo. Simulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa, mahali walikokuwa chini ya mabwana waitwao Nguo Ntuni, husema mabwana hao waliwapa wazee mitihani isiyowezekana, na mmojawapo ulikuwa kufua mkuki mrefu wa kufika mawinguni. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, ila hapo mkuki si wa kupigania. Ni alama ya amri isiyotekelezeka, na wazee walipoona hawataiweza wakachagua kuhama. Wahariri waliokuja baadaye kuandika juu ya mikuki ya mfano hawakuleta jambo geni.

Gazeti la The African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1905 likauzwa na kuitwa East African Standard, na kufikia 1910 lilikuwa limehamia Nairobi likitoka kila siku. Katikati ya miaka hiyo, Juni na Julai 1906, jeshi la King's African Rifles lilipanda kuwashambulia Waembu. Upande mmoja bunduki, upande wa pili mikuki, sime na mishale. Katika lugha rasmi ya wakati huo tukio hilo halikuitwa vita. Liliitwa msafara wa adhabu, kana kwamba mwenye nchi alikuwa mtoto mtundu na bunduki ilikuwa fimbo ya mzazi. Hiyo ndiyo tamathali ya kwanza kubwa ya silaha katika maandishi yanayoihusu sehemu hii, na ubaya wake ni kwamba haionekani kuwa tamathali. Neno adhabu limeficha bunduki. Msomaji wa leo anayeikuta kurasani hana budi kuirudisha bunduki mahali pake kabla ya kuendelea kusoma.

Meru ilichukuliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1908 ofisa Edward Butler Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi, alijenga boma la serikali huko baada ya mashauriano na wazee. Habari ya Embu ilikuwa imekwisha kuwafikia. Silaha iliyopigwa upande mmoja wa mlima ilifanya kazi upande wa pili kwa kutajwa tu.

Baada ya hapo mikuki ikaanza kuondoka mikononi na kuingia katika mahubiri. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata, ambao Meru ilikuwa sehemu ya eneo lao, walianza kuchapa Nyeri mwaka 1916 gazeti la Kikikuyu, Wathiomo Mukinyu, yaani rafiki wa kweli. Wamethodisti walikuwa Kaaga, Waanglikana Kigari karibu na Embu, na kuanzia 1922 misheni ya Kiskoti ikafanya kazi Chogoria. Wote walifundisha kusoma, na kitabu cha kusomea kilikuwa Biblia, ambamo mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, anamvika Mkristo silaha za askari kutoka kichwani mpaka miguuni: imani ni ngao, neno ni upanga. Kijana ambaye babu yake alilala gaaru na ngao ya ngozi ya nyati aliisoma sura hiyo kwa namna ambayo mtoto wa London hakuweza kuisoma. Kwake ngao ilikuwa bado na uzito na harufu.

Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha jarida lake, Muigwithania, chini ya mhariri aliyeitwa wakati huo Johnson Kenyatta. Jarida lilikuwa la Kikikuyu, lugha ambayo ni ndugu wa karibu wa Kiembu na jirani wa Kimeru. Waandishi wake walizungumzia elimu, ardhi na heshima, na waliuweka wajibu wa vijana wasomi katika mizani ya mashujaa wa zamani. Aliyelinda mifugo kwa mkuki alikuwa amezeeka, na aliyetakiwa kulinda ardhi sasa alihitaji barua, hati na wakili. Hapo kalamu ya risasi ilipata maana ambayo jina lake lilikuwa limeibeba muda wote. Mtu anaweza kudhani ulikuwa mchezo wa maneno. La hasha. Waafrika walikuwa wakinyang'anywa ardhi kwa karatasi, na wao wakatafuta silaha ya karatasi.

Mhariri huyo ndiye aliyepigwa picha akiwa na mkuki uliosafiri mbali kuliko yote. Kitabu chake Facing Mount Kenya kilipotoka London mwaka 1938, kilikuwa na picha yake amejifunga vazi la ngozi begani, vazi la kuazima, ameshika mkuki na kuupima makali kwa kidole. Jina la Jomo lilianza kutumika wakati huohuo, na wako wanaolihusisha na neno la Kikikuyu la kuchomoa upanga alani. Baadaye akajulikana kwa Kiingereza kama Burning Spear, yaani Mkuki Uwakao. Itazamwe picha hiyo kwa makini. Mtu aliyeshika mkuki alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu London, hakuwa na vita vya mikuki mbele yake, na nguo haikuwa yake. Hata hivyo mkuki ule wa studio uliwatia walowezi hofu na kuwapa Waafrika fahari kuliko mikuki mingi iliyowahi kumwaga damu. Baadaye mwanamuziki wa Jamaika, Winston Rodney, alilichukua jina la Burning Spear likawa lake, na mwaka 1961 huko Afrika Kusini tawi la kijeshi la ANC likaitwa Umkhonto we Sizwe, Mkuki wa Taifa, ingawa lilipigana kwa mabomu na bunduki.

Vita vya pili vya dunia vilileta silaha halisi kwa wingi katika Kiswahili cha magazeti. Baraza, gazeti la Kiswahili lililotolewa na kampuni ya East African Standard, lilianza 1939, na habari za vita ndizo zilizokuwa chakula chake cha miaka ya kwanza. Vijana wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa Ethiopia na Burma, na waliobaki nyumbani walijifunza kutoka gazetini, au kutoka kwa mwalimu aliyelisoma kwa sauti, maneno kama bomu, manowari na kifaru. Waandishi hawakuwa na kamusi ya vitu hivyo. Walimtazama mnyama mwenye ngozi ngumu na pembe puani, wakampa lile gari jina lake. Bila shaka ni tafsiri nzuri kuliko nyingi zinazotungwa leo na kamati.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Gavana Evelyn Baring aliitangaza dhidi ya uasi wa Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku, likiwamo Mumenyereri la Henry Muoria, na kwa miaka kadhaa habari karibu zote za Mlima Kenya zikaandikwa na upande mmoja. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaunganishwa katika sheria na katika habari kuwa kundi moja, kwa Kiingereza KEM, na kundi hilo likapewa silaha moja ya kutambulishwa nayo: panga.

Panga linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa mkulima wa Runyenjes au Nkubu halikuwa silaha. Lilikuwa chombo cha kwanza cha nyumba, la kukatia majani ya ng'ombe, kupogolea kahawa, kuchanja kuni, kuangusha mkungu wa ndizi na kusafisha mpaka wa shamba. Jioni lilichomekwa kwenye paa au kuegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Mengi yaliyouzwa Afrika yalitengenezwa Uingereza kwenyewe, katika viwanda vya Birmingham. Lakini baada ya familia ya walowezi kuuawa Kinangop mwezi Januari 1953, na picha za chumba cha mtoto wao kusambaa duniani, magazeti ya London yalilitumia neno panga katika Kiingereza bila kulitafsiri. Kulitafsiri kuwa kisu cha shamba kungelipunguza nguvu. Likiachwa kwa jina lake lilisikika kama kitu kilichozaliwa gizani.

Mauaji ya mapanga yalikuwa ya kweli na ya kutisha, na wengi zaidi ya waliouawa na Mau Mau walikuwa Waafrika wenzao. Kwa hesabu rasmi, raia walowezi waliokufa walikuwa 32, na Waafrika waliohesabiwa kuwa upande wa serikali zaidi ya 1,800. Upande wa pili, serikali yenyewe ilisema iliwaua wapiganaji zaidi ya 11,000. Wengi wa hao hawakuuawa kwa mapanga. Waliuawa kwa bunduki, na mabomu ya ratili 500 na 1,000 yaliyodondoshwa na ndege za Lincoln yalipasua misitu ya Mlima Kenya na Aberdares. Watu wengine zaidi ya elfu moja walipelekwa kitanzini. Hata hivyo bomu la ndege halikupata jina la kutisha. Katika taarifa za kijeshi lilikuwa sehemu ya operesheni, neno lenye harufu ya hospitali.

Panga hilohilo lilikuwa na maisha mengine katika miaka hiyohiyo. Walinzi wa nyumbani, wale Home Guard, mwanzoni walilinda vijiji kwa mikuki, pinde na mapanga kabla ya kupewa bunduki, na picha zao zikachapishwa wakiwa wamejipanga, chuma begani, kama watetezi. Tena wanavijiji, wengi wao wanawake, walitolewa kwa nguvu na mapanga yao kwenda kufyeka kingo za msitu ili wapiganaji wakose pa kujificha, na kuchimba handaki refu kando ya msitu wa Mlima Kenya lililosimikwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha. Chuma kimoja, kiwanda kimoja, bei moja. Mkononi mwa mmoja ni unyama, mkononi mwa wa pili ni ulinzi, mkononi mwa wa tatu ni kazi ya jamii. Gazeti halikuwa na haja ya kusema uongo juu ya panga lenyewe, kwa kuwa neno lililotangulia mbele yake lilitosha.

Wapiganaji nao walikuwa na chuma chao na maneno yao. Bunduki za kutengeneza msituni zilielezwa mara nyingi katika ripoti za kesi na za polisi. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti. Komeo la mlango, lile la kusukuma na kuvuta, liligeuzwa kuwa la kupigia, likiwa limefungwa msumari mbele, na vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivutwa nyuma vikaliachia kwa nguvu ligonge risasi. Mara nyingine bunduki ilipasuka ikamkata vidole aliyeishika. Ni bunduki iliyotengenezwa kwa nyumba: bomba, komeo na mpira wa baiskeli. Katika mazungumzo ya msituni bunduki iliitwa kwa maneno ya mafumbo, muti, yaani mti, na bastola kamwaki, yaani kamoto kadogo, ili asikiaye asijue. Kwa hiyo tamathali hapo ilikuwa ngao ya kweli. Aliyekosea neno mbele ya masikio mabaya aliweza kupoteza maisha, maana kanuni za mwaka 1953 zilimhukumu kifo aliyekutwa na bunduki au hata risasi bila idhini.

Kanuni hizo ndizo zilizomkamata Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Magazeti yalimtwika mauaji mengi, lakini alipopigwa risasi na kukamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kitanzini tarehe 18 Februari 1957 lilikuwa la kumiliki bastola na risasi zake. Maneno yote mazito ya miaka minne, mahakamani yaliishia kwenye chuma kimoja cha kushikika mkononi.

Serikali ilikuwa na mafumbo yake pia, nayo iliyaandika kwa herufi kubwa. Operesheni ya kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini Nairobi, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954 na kuwaweka kizuizini zaidi ya watu 20,000, iliitwa Anvil, yaani fuawe. Januari 1955 ikafuata Hammer, nyundo, katika Aberdares. Mantiki yake ni ya mhunzi: watu ni chuma, nao watawekwa juu ya fuawe na kupondwa mpaka wakubali umbo. Mlima Kenya, wenye Meru na Embu mapajani, haukupewa nyundo. Kuanzia Februari 1955 ulipewa First Flute, filimbi ya kwanza. Aliyechagua jina hilo hakulazimika kuwaeleza watu wa mlimani ni muziki gani uliokuwa ukiwajia. Na katikati ya vyuma hivi vyote kulikuwa na alama moja isiyo ya chuma, tawi bichi. Mwezi Agosti 1953 serikali ilitangaza kwamba mpiganaji atakayetoka msituni akipunga tawi lenye majani mabichi hatapigwa risasi. Karatasi za kutangaza habari za kujisalimisha zilidondoshwa na ndege, na ndege za namna hiyo msituni zilikuwa zimezoeleka kwa mabomu.

Mfano mkubwa wa silaha iliyofichwa kurasani ulitokea mwaka 1959, na mizizi yake ilikuwa Embu. Kambi za Mwea, zilizokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, ndimo ilimojaribiwa mbinu ya kuwavunja wafungwa kwa kipigo kilichopangwa. Mbinu hiyo ilipopelekwa Hola, kwenye Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa virungu mpaka kufa tarehe 3 Machi. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa waandishi ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Virungu vikageuzwa maji, na magazeti yakachapa. Haikuchukua muda mrefu maiti zikasema ukweli, kashfa ikafika Bunge la Uingereza. Lakini nakala za taarifa ile zingalipo, na ni vigumu kupata katika maandishi yote ya enzi hiyo sentensi tulivu yenye aibu kubwa kuliko hiyo.

Wakati huo silaha nyingine ilikuwa imekwisha kupigwa Meru. Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Mkoa wa Kati mpiga kura wa KEM alihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali, na Wameru waliovipata walikuwa wengi kuliko majirani zao. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe wa Kiafrika wa siku nyingi. Ukimsoma mwandishi anayesema kura ni silaha, usimtuhumu kutia chumvi: mahali hapo, kama bunduki, kura nayo iliruhusiwa kwa leseni.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, mikuki miwili na ngao viliwekwa katikati ya bendera, na gazeti lolote lililochapa bendera likachapa silaha. Siku hizohizo zilitoka picha za Musa Mwariama, Field Marshal kutoka Meru aliyekuwa hajashikwa mpaka uhuru, nywele zake ndefu zimesokotwa, akiwa na Kenyatta. Mkuki wa studio wa 1938 na bunduki ya msituni vilikutana katika fremu moja. Lakini maelewano hayakumfikia kila mtu. Jenerali Baimungi, Mmeru mwingine aliyerudi msituni akidai ardhi iliyoahidiwa, aliuawa na vikosi vya serikali mpya Januari 1965. Kwa lugha rasmi alikuwa amekwisha kuwa mhalifu. Bunduki aliyoshika mwaka 1955 na aliyoshika mwaka 1965 yaweza kuwa ilikuwa ileile. Katika kumbukumbu, wako Wameru ambao hawajakubali abadilishiwe jina hivyo, na hawana kosa.

Kurasa za mbele za Taifa Leo na Baraza katika miaka hiyo zilijaa vita vya aina nyingine: vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, silaha ikiwa jembe. Tamathali hii ilichakaa upesi kwa kutumiwa na kila mkuu wa wilaya, na hakuna haja ya kukaa nayo.

Silaha halisi ilirudi kurasani kwa kishindo mwezi Januari 1980, safari hii kwa njia ya kosa. Joy Adamson, aliyechora kwa miaka mingi picha za makabila ya Kenya na mavazi na silaha zao, na ambaye simba wake Elsa alizikwa katika mbuga ya Meru, alikutwa amekufa Shaba, jirani ya Meru, tarehe 3. Habari ya kwanza iliyozunguka dunia ilisema ameuawa na simba. Ilikuwa habari tamu kupita kiasi: mama wa simba kuuawa na simba. Waandishi waliipenda kabla hawajaiuliza swali lolote. Daktari alipochunguza alikuta majeraha yamenyooka kingo, si ya kucha wala meno bali ya chuma chenye makali, namna ya sime. Aliyekuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia. Hapo tamathali ilitangulia kuandikwa kama tukio, na silaha ya kweli ikaja nyuma kuisahihisha.

Miaka minane baadaye, Novemba 1988, majangili wenye bunduki waliingia mbuga hiyohiyo ya Meru na kuwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Neno kifaru, lililotoka kwa mnyama likaenda kwa chuma wakati wa vita, lilirudi gazetini likiwa na maana yake ya kwanza, na mwenye jina ndiye aliyekuwa amelala chini.

Siku hizi silaha nyingi za maneno zimehamia ukurasa wa spoti. Arsenal ya London huitwa Wanabunduki, na jina hilo si la kubuni: klabu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Kocha akifukuzwa, shoka limemwangukia. Mpira uliopigwa kutoka mbali ni kombora. Mshabiki anayesoma haya kwenye stendi ya matatu mjini Embu hasikii chuma chochote ndani yake.

Anayefungua juzuu za zamani katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi au katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa anaweza kuzitambua silaha kwa alama ndogo. Ya kweli huwa na mwenyewe, mahali na kipimo: nani alikutwa nayo, chini ya kitanda kipi, ilikuwa na risasi ngapi. Ya mfano haina hesabu. Na iko ya tatu, ambayo haitajwi kabisa. Hiyo hutafutwa kwa kuangalia kitenzi kisicho na mtendaji: watu walikufa, wafungwa walifariki, kijiji kiliadhibiwa, msitu ulisafishwa. Katika magazeti ya Nairobi ya miaka ya 1950, safu zinazohusu Meru na Embu zina vitenzi vya namna hiyo karibu kila wiki, katikati ya matangazo ya sabuni, chai na baiskeli.